Kapsuli laini za mama wa Ipinda: unalipia nini hasa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi nina miaka 34, nafanya kazi Mafinga. Mama yangu yuko Ipinda, Kyela, ana miaka 71 na magoti yanamtesa. Mwezi uliopita nilikwenda kumnunulia ibuprofeni. Dukani kulikuwa na vidonge vya kawaida, na pia kapsuli laini za kijani zenye kimiminika ndani, bei karibu mara tatu. Muuzaji akaniambia hizo ndizo zenye nguvu na hazisumbui tumbo. Nikachukua hizo. Akanihesabia kwenye kifuko cha plastiki, nikampa kondakta wa basi. Zilipofika zilikuwa zimegandana kama tende. Mama alizibandua, na kwa kuwa kumeza kunamshinda akawa anatoboa kwa pini na kuminyia kwenye uji. Sasa jirani yake Msabato kamwambia zimetengenezwa kwa nguruwe, ameacha kabisa. Naomba unieleze: hizi kapsuli zina faida gani ya kweli, au nililiwa hela? Nilisahau: mama anatumia dawa mbili za presha, moja inamkojoza sana.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa kwa miaka niliyokaa nyuma ya kaunta hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimeitwa daktari mpaka nimechoka kukanusha. Swali lako limeanza na bei, likapitia kwa nguruwe, likaishia kwenye presha. Mimi nitaanza mkiani, kwa sababu huko ndiko kwenye hatari.

Ni afadhali mama ameacha, hata kama sababu iliyomwachisha siyo ambayo ningemtajia mimi. Ibuprofeni, iwe kidonge, iwe kapsuli, iwe ya maji, inafanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazowasha maumivu na uvimbe gotini. Lakini ndizo hizo hizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo, na ndizo zinazolinda utando wa ndani wa tumbo. Mtu wa miaka 71 mwenye presha, tena anayetumia dawa ya kukojoza, figo zake zinautegemea sana msaada huo. Ukiuondoa, mwili unaanza kushika chumvi na maji, presha inapanda ingawa dawa anazimeza bila kukosa, na figo zinaweza kuumia. Kama ile dawa yake ya pili ni kaptopril, enalapril au losartan, mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana hapo dawa tatu zinazibana figo kila moja kwa upande wake.

Kwa hiyo kabla hatujazungumzia kapsuli: apimwe presha wiki hii. Mwulize kama miguu imevimba, kama mkojo umepungua, kama choo kimekuwa cheusi kama lami. Likiwepo hata moja, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa magoti, mahali pa kuanzia ni paracetamoli: kwa umri wake, vidonge viwili vya miligramu 500 visizidi mara tatu kwa siku, na asichanganye na dawa nyingine ya mafua yenye paracetamoli ndani. Ipo pia diklofenaki ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na ya kumeza. Amwoneshe kwanza anayemfuatilia presha yake.

Hayo yalikuwa yananikaba. Sasa twende kwenye kapsuli.

Nadhani umewahi kuchemsha makongoro jioni, supu ikabaki sufuriani. Kwa baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita, asubuhi unaikuta imesimama. Ukiitikisa sufuria, inatetemeka. Ukiirudisha jikoni inayeyuka, inakuwa supu tena. Kinachoisimamisha ni gelatini, protini inayotoka kwenye ngozi, mifupa na kano za mnyama zikichemshwa kwa muda mrefu. Ganda la kapsuli laini ni ndugu wa supu hiyo: gelatini iliyosafishwa, maji, na gliserini au kitu cha aina yake cha kulilainisha. Bila gliserini ganda linakuwa gumu, kama lile la kapsuli za rangi mbili zenye unga, ambazo ukivuta pande mbili zinaachana. Kapsuli laini haiachani. Ishike mwangani uizungushe, utaona mstari mwembamba unaoizunguka katikati. Huo ni mshono, na historia yote ya dawa hii imo kwenye huo mshono.

Mwanzoni haukuwepo. Mwaka 1834 huko Paris, mwanafunzi wa famasi aitwaye François Mothes, pamoja na mfamasia Joseph Dublanc, walipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya kapsuli za gelatini zilizotengenezwa kwa kuchovya. Mothes alikuwa anachukua kifuko kidogo cha ngozi kilichojazwa zebaki, anakichovya kwenye gelatini ya moto, ikikauka anaitoa zebaki, ganda linabaki, anajaza dawa kwa mkono kisha anaziba tundu kwa tone la gelatini. Shida aliyokuwa anaitatua ni ile ile ya mama yako: dawa isiyomezeka. Siku hizo kisonono kilitibiwa kwa utomvu wa mti uitwao kopaiba, na ladha yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba wagonjwa walikuwa radhi wabaki na ugonjwa.

Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1933, Robert Pauli Scherer wa Detroit, Marekani, akatengeneza mashine ambayo mpaka leo viwanda vinaifuata. Karatasi mbili ndefu za gelatini, laini na zenye unyevu, zinashuka kutoka pande mbili na kukutana katikati ya roli mbili zenye vishimo. Zinapokutana, pampu inachuruzisha kipimo kamili cha dawa ya maji katikati yake, na papo hapo roli zinabana, joto la karibu nyuzi 40 linaunganisha kingo, kapsuli inadondoka imefungwa. Fikiria mtu anayejaza sambusa, kuikunja na kuifunga kwa mkono mmoja, maelfu kwa maelfu, na kila sambusa ina nyama ya uzito ule ule.

Mpaka hapo ni ufundi tu. Faida iko kwenye neno nililolipitia haraka: dawa ya *maji*.

Kidonge cha kawaida kikifika tumboni kina kazi mbili kabla hakijakusaidia. Kwanza kivunjike kiwe chembe. Pili, chembe ziyeyuke. Utumbo haupokei chembe, unapokea kilichoyeyuka tu. Kwa dawa inayopenda maji hakuna tabu, ni kama chumvi kwenye mboga. Lakini dawa nyingi hazipendi maji, na tumboni ni maji matupu. Chembe zake zinaelea tu, nyingine zinayeyuka, nyingine zinapita mpaka chooni zikiwa vile vile. Kapsuli laini inaruka hatua zote mbili. Kiwandani dawa imeshayeyushwa ndani ya mafuta, au ndani ya kimiminika kinachoitwa polietilini glaikoli. Ganda likilainika tumboni kwa dakika chache, kinachomwagika kiko tayari kupokelewa.

Sasa neno *nguvu*. Yule muuzaji hakukudanganya kwa makusudi, nadhani, ila alichanganya mambo mawili ambayo hata wenzangu wengine wanayachanganya. Kuna dawa ambazo kapsuli laini inazifanya ziingie mwilini *mapema zaidi*, na kuna dawa ambazo inazifanya ziingie *nyingi zaidi*. Si kitu kimoja.

Ibuprofeni ni ya kundi la kwanza. Hata kwenye kidonge cha bei ya chini, karibu yote inaishia kwenye damu, inachelewa tu. Kidonge cha kawaida huchukua kama saa moja na nusu mpaka mbili kufikia kilele chake kwenye damu, kimiminika cha ndani ya kapsuli hufika mapema, mara nyingi ndani ya saa moja. Miligramu 400 zinabaki 400. Kwa mtu aliyeamka na jino linalomtoa machozi, au kichwa cha kipandauso kinachoanza, ile nusu saa au zaidi ina thamani na mimi mwenyewe ningeilipia. Kwa magoti yaliyouma jana, yanayouma leo na yatakayouma kesho, hapana. Hapo, mwanangu, ulilipia mbio kwa mtu ambaye hakuwa na haraka.

Kundi la pili ndilo linalonifanya niiheshimu kapsuli hii. Digoksini, dawa ya moyo ambayo kipimo chake ni kidogo ajabu, iliwahi kutengenezwa kwa umbo hilo, na ikaonekana kwamba miligramu 0.2 za kapsuli zinafanya kazi ya miligramu 0.25 za kidonge. Yaani robo ya miligramu kwenye kidonge ilikuwa na sehemu inayopotea njiani. Siklosporini, wanayopewa waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae, haipendi maji kabisa. Kuiweka kwenye mchanganyiko maalumu wa mafuta ndani ya kapsuli laini ndiko kulikoifanya itabirike, na kwa mgonjwa wa namna hiyo kutabirika ni figo kubaki au kuondoka. Vitamini A, D na E kwa asili yake huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hapo ndipo nyumbani kwao. (Kama mama akiandikiwa vitamini D siku moja, ameze pamoja na chakula chenye mafuta. Nusu ya parachichi la Rungwe inatosha, haihitaji kitu cha dukani.)

Faida nyingine watu hawaiongelei kwa sababu haionekani: usawa wa kipimo. Chukua kijiko kimoja cha chumvi, kichanganye kwenye debe la unga, halafu gawanya debe hilo kwenye vikombe mia. Uko tayari kuapa kwamba kila kikombe kina chumvi sawa? Ndivyo ilivyo kutengeneza kidonge cha dawa inayopimwa kwa sehemu za elfu za miligramu. Unga na unga havichanganyiki kirahisi, na vikitikiswa vinaachana tena. Lakini ukiyeyusha chumvi hiyo kwenye ndoo ya maji, kila kikombe utakachochota kina chumvi sawa. Kwa homoni na vitamini zenye vipimo vidogo hili si jambo la urembo. Na wafanyakazi wa kiwandani nao hawavuti vumbi la homoni puani.

Kwamba ganda linaficha harufu na ladha, linazuia hewa isichachushe mafuta ya samaki, na likitiwa rangi nzito linaikinga dawa isiyopenda mwanga, hayo unayajua kwa macho, sitayarefusha.

Ila lile la tumbo nalikataa. "Haisumbui tumbo" ni maneno ninayoyasikia kila wiki, na kwa ibuprofeni si kweli. Madhara makubwa ya dawa hii tumboni hayaletwi na kidonge kukwaruza ukuta wa tumbo kama jiwe. Yanaletwa na dawa ikiwa imeshaingia kwenye damu na kuzima zile prostaglandini nilizotaja. Ungeipitisha hata kwa sindano, tumbo lingebaki bila ulinzi ule ule. Ganda laini halisaidii chochote hapo. Muuzaji akikwambia hivyo tena, mwulize inasaidiaje.

Twende kwenye pini. Mama hakuwa mjinga. Amefanya alichoona kikifanywa. Akina mama wote wa Kyela wameshika foleni na watoto wakati wa matone ya vitamini A, na wameona mhudumu akikata kwa mkasi chuchu ya kapsuli ndogo, ya bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, nyekundu kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, na kuminyia mafuta mdomoni. Ile nayo ni kapsuli laini. Lakini imetengenezwa ikatwe. Ile chuchu haikuwekwa kwa bahati. Kapsuli ya ibuprofeni imetengenezwa imezwe nzima. Ukiitoboa, kiasi usichokijua kinabaki kwenye ganda, kingine kwenye bakuli, na kinachopita kooni kinawasha kama pilipili kichaa.

Yako mabaya zaidi ya kuwasha koo. Nitakusimulia kwa sababu mama ana presha. Kulikuwa na kapsuli laini za nifedipini, dawa ya presha yenyewe. Kwa miaka mingi, mgonjwa akifika hospitali presha imepanda sana, ilikuwa kawaida nchi nyingi kutoboa kapsuli hiyo na kumdondoshea chini ya ulimi, au kumwambia aitafune ameze. Presha ilishuka, kila mtu akafurahi. Tatizo ni kwamba ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Ubongo na moyo vilivyozoea presha ya juu vikakosa damu ghafla, na wapo waliopata kiharusi au shambulio la moyo kutokana na tiba hiyo. Mwaka 1996 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha makala iliyotaka mtindo huo usitishwe. Mpaka leo nakutana na watu wanaoukumbuka na kuusifu. Kwa hiyo mbio za kapsuli laini, ambazo hapo juu nimezisifia kwa jino, zimewahi kuua. Mama asitoboe kapsuli yoyote bila kuuliza kwanza, hasa zile za presha.

Kumeza kwenyewe kunaweza kusaidiwa. Watu wazima wengi wakishaweka dawa mdomoni wanainua kichwa juu, kama kuku anayekunywa maji. Hiyo inalibana koo. Akae wima, anywe funda moja kwanza ili koo liloe, aweke kapsuli, achukue maji ya kutosha mdomoni, kisha ameze kichwa kikiwa sawa au kimeinama kidogo mbele. Amalizie glasi. Ganda likiloa vizuri linateleza, na hapo linakizidi kidonge chenye chaki. Likiloa nusu nusu likaachwa bila maji linanata kooni kama ugali uliokosa mboga. Na asimezee chai ya moto ya kutoka jikoni moja kwa moja: ganda linaanza kuyeyukia mdomoni. Akiendelea kushindwa, paracetamoli ipo ya maji, ile ile ya watoto, ila kipimo chake apimiwe na mfamasia, kwani kijiko cha mtoto si kijiko chake. Na kama hata maji au uji unampalia, hilo si suala la kapsuli tena, aonwe na daktari.

Kugandana kwake ni kosa letu wauza dawa kabla halijawa kosa la kondakta. Ganda linatunza maji kidogo ndani yake, na ndiyo maana ni laini. Likipata joto na unyevu linavuta maji zaidi, linanata. Wewe umetoa dawa Mafinga, kwenye baridi kavu, ukaishusha Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye joto la kuivisha kakao na mpunga, tena imekaa saa kadhaa sijui kwenye buti la basi au juu ya injini. Ndani ya kifuko cha plastiki, zimelaliana. Zingegandana hata zingekuwa za nani. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliweka chupa kubwa ya mafuta ya samaki kwenye rafu ya dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, kwa sababu ilipendeza ikiwaka rangi ya asali. Baada ya wiki tatu nilikuwa na donge moja la asali ndani ya chupa, na mwenye duka alinikata kwenye mshahara. Sikulalamika.

Watu wanadhani kuvuja ndiyo hasara pekee. Inayonitia wasiwasi mimi ni ile isiyoonekana. Gelatini iliyokaa kwenye joto na unyevu muda mrefu inaanza kujifunga yenyewe kwa yenyewe, nyuzi zake zinashikana, na ganda lililotakiwa kulainika kwa dakika chache linakuwa ngozi isiyoyeyuka upesi. Kwa macho kapsuli ni nzima, lakini tumboni inachelewa kufunguka. Kwa hiyo zilizogandana zisirudi kwenye matumizi, hata kama zimebanduka bila kuvuja. Baridi ya kwenu haina tabu hiyo. Kapsuli ya mafuta ikikaa Makete au Njombe usiku wa Julai inaweza kuwa na ukungu ndani, ni mafuta yameganda tu, ikipata joto la chumba inarudi. Usikimbilie friji pia, labda pakiti iseme hivyo. Ganda likikauka kupita kiasi nalo linapasuka.

Dawa ya tatizo hili ni pakiti. Kapsuli laini inunuliwe ikiwa kwenye karatasi yake ya kubonyeza, kila moja kwenye chumba chake, hata kama unanunua nusu. Duka likikuhesabia za kumwaga kutoka kopo kubwa, kataa kwa adabu. Ukiwa na pakiti unapata pia jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kwisha, vitu ambavyo kwenye kifuko hukupata, na bila hivyo huwezi hata kuuliza kama dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

Kuhusu nguruwe: jirani ana hoja. Gelatini ya dawa duniani inatoka kwa ng'ombe na kwa nguruwe, na kwa kiasi kidogo kwa samaki, na kwa kutazama kapsuli huwezi kutofautisha. Viwanda vingine vinaandika chanzo kwenye kijikaratasi cha ndani au vinaweka alama ya halali, vingine havisemi kitu, na hapo ni kumwomba mfamasia aulize kwa mwagizaji. Zipo pia kapsuli laini zisizo na mnyama kabisa, ganda lake ni wanga pamoja na utomvu wa mwani, mwani wa jamii ile ile wanayoilima akina mama wa Zanzibar. Bei yake iko juu zaidi. Sitamwambia mama kwamba ni dhambi au si dhambi, si kazi yangu. Kazi yangu ni kumwambia kwamba kwa magoti yake kidonge cha paracetamoli kipo, hakina ganda, na mjadala wote unaweza kuepukika kwa nusu ya bei au chini ya hapo.

Bei nayo ina sababu zake, siyo ulanguzi mtupu. Kidonge ni unga unaobanwa, umekwisha. Kapsuli laini ikishadondoka kwenye mashine ni laini kama jicho la samaki, inazungushwa kwenye ngoma, kisha inalazwa kwenye trei ndani ya chumba chenye hewa kavu kwa siku nzima au zaidi mpaka unyevu wa ganda ushuke. Chumba hicho kinakula umeme. Gelatini ina bei, na si kila kiwanda kina mashine hizo. Ndiyo maana kwa dawa inayoyeyuka vizuri kwenye maji na inayomezwa kwa wingi, metformini ya kisukari kwa mfano, hakuna anayehangaika. Ungeweka wapi gramu nzima kwenye kapsuli inayomezeka, na ya nini?

Hata pale kapsuli laini ilipokuwa mkombozi, haikubaki hivyo siku zote. Dawa ya virusi vya Ukimwi ya lopinavir na ritonavir, Kaletra, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 ikiwa kapsuli laini, kwa sababu ndivyo ilivyowezekana kuiingiza mwilini. Mgonjwa alimeza sita kwa siku, na stoo ya dawa ilitakiwa kuzitunza kwenye nyuzi 2 hadi 8. Piga picha ya zahanati isiyo na friji, au yenye friji ya chanjo iliyojaa. Mwaka 2005 kikaja kidonge cha dawa hiyo hiyo, dawa imeyeyushwa na kuchanganywa ndani ya plastiki inayolika, kinakaa nje ya friji, na ni vinne kwa siku badala ya sita. Hakuna aliyeililia kapsuli. Mimi niliyezisifu kapsuli laini ukurasa mzima ningekuwa wa kwanza kubeba boksi la vidonge.

Za mama zilizobaki usizitupe chooni wala kwenye jalala watoto wanapochezea. Rangi ile ya kijani ni pipi machoni mwao. Zirudishwe duka la dawa lililo karibu naye, waziteketeze na zao zilizoisha muda. Na safari ijayo usimpe kondakta dawa. Mpe abiria unayemfahamu aziweke kwenye mkoba wake, pakiti ikiwa nzima. Ukifanikiwa kumpigia mama, mwambie akusomee jina lililo kwenye boksi la ile dawa ya pili ya presha, herufi kwa herufi, kisha uniandikie.